Kapsuli ya Nyongeza

Bibi Badriya alikuwa na maadui wawili duniani: saa ya ukutani na mjukuu wake Khulud. Kila asubuhi wawili hao walishirikiana kumnyima chai.

"Bado dakika ngapi?" aliuliza Jumamosi hiyo, macho yakiwa kwenye chupa ya chai kama paka aliyeona dagaa.

"Kumi na nane, Bibi."

"Ulisema kumi na nane tangu nilipokaa hapa."

"Basi sasa kumi na saba."

"Ama kweli! Mama yako kaenda Tanga kumwuguza mdogo wake aliyejifungua, mie kaniachia askari magereza." Bibi alivuta mtandio wake, akageukia ukuta. Lakini alikuwa akitabasamu, na Khulud alilijua hilo kwa namna mashavu yake yalivyojikunja.

Utumbo wa Bibi ulikuwa na ugonjwa wa miaka mingi. Siku tano, hata sita, zilipita bila yeye kupata choo, na tumbo likajaa na kuuma mpaka akashindwa kuswali amesimama. Alishakunywa sanamaki, mafuta ya nyonyo na ukwaju wa kila mti uliopo Chamazi. Miezi miwili iliyopita daktari bingwa wa matumbo alimwandikia kapsuli: moja kwa siku, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula. Na kwa kuwa koo la Bibi lilikuwa halipendi kumeza kitu kikavu, muuguzi alimfundisha Khulud namna ya kuifungua kapsuli, kumimina chembechembe zake katika finjani yenye maji safi, kuzungusha taratibu, kisha kumpa Bibi ayanywe maji hayo papo hapo.

Muuguzi alisema na mengine mengi, tena akayaandika kwa mkono kwenye karatasi. Lakini siku hiyo Khulud, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alishaanza kujiona daktari, na daktari wa aina hiyo husikiliza nusu. Karatasi yenyewe Bibi aliitumia kufungia ubani. Chupa ya dawa ikakaa katika bati la biskuti pamoja na ubani huo, udi, uzi, sindano na vifungo visivyo na shati.

Dawa ilifanya kazi. Bibi alirudi kucheka, kusengenya kidogo na kula viazi vya rojo. Nyumba nzima ikampa Khulud jina: Daktari. Naye jina hilo alilivaa kama gauni la Idi.

Baada ya chai Bibi alikwenda darsani kwa wanawake wenzake. Baba yake Khulud, Masoud, alikuwa ameshakwenda Mbagala kufuata mzigo wa duka. Khulud akabaki kwenye kaunta, mahali alipopapenda kuliko darasa lake la sita, ingawa mwalimu wake haambiwi.

Duka lao lilijulikana kwa jambo moja. Hakutoki mtu bila nyongeza. Ukinunua mchele, unapewa punje mbili za kitunguu saumu. Ukinunua sabuni, unaondoka na pipi. Mtoto aliyetumwa chumvi hurudi kwao anatafuna korosho. Desturi hiyo aliianza babu yake Khulud, na Masoud aliifuata bila kukosa. "Duka lisilo na nyongeza," alizoea kusema, "ni ukuta wenye tundu."

Saa nne hivi alifika Farida, msusi aliyepanga chumba nyuma ya duka. Mume wake alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko safarini. Mgongoni alimbeba mwanawe Twalib, wa mwaka mmoja na miezi miwili, anayelia kwa sauti ya king'ora.

"Pole, da' Farida. Twalib ana nini?"

"Choo, mdogo wangu. Leo siku ya tatu hajapata. Papai nimempa, maji nimempa, wapi! Anajikamua mpaka anakuwa mwekundu." Farida alimshusha mtoto. "Nishikie nusu saa tu, nikamalizie kichwa cha bibi harusi pale kona. Wewe ndiye mtu pekee anayemnyamazisha huyu."

Ilikuwa kweli. Twalib alipoingia mikononi mwa Khulud, alinyamaza, akaanza kumvuta hereni. Farida akaondoka mbio, kitana kikiwa kimechomekwa nyweleni.

Haukupita muda, Twalib akakunja miguu, akajikamua, akalia tena. Khulud akamtazama. Wazo likamjia, na mawazo mabaya yana tabia ya kuja yamevaa vizuri.

"Dawa ya Bibi haina makali," alijisemea. "Haina hata ladha. Kama haimdhuru mzee wa miaka sabini na moja, itamfanya nini mtoto mwenye mashavu ya maandazi? Na yeye nitampa nusu."

Akamweka Twalib sakafuni, akalifungua bati, akatoa kapsuli moja. Akaifungua juu ya finjani, akazungusha maji kama alivyofundishwa, akamnywesha mtoto nusu na nusu akaimwaga uani. Twalib alilamba midomo. Khulud alimfuta kidevu, akacheka. "Hiyo ndiyo nyongeza yako, bwana mdogo."

Farida aliporudi hakuambiwa kitu. Khulud alitaka kwanza matokeo yaonekane, halafu aseme, na watu washangae. Matokeo hayakuchelewa. Kabla ya saa sita shangwe ilisikika kutoka uani: "Kapata! Khulud wee, Twalib kapata choo! Mikono yako ina baraka!"

Daktari Khulud alipanga pipi zake kwenye kopo huku kifua kimemjaa. Nitamwambia jioni, aliwaza. Bibi naye akiwepo, asikie.

* * *

Adhuhuri Farida alikuwa amemwosha Twalib mara nne. Ilipofika saa nane, hesabu ilikuwa saba, na kilichotoka kilikuwa maji matupu. Farida alikuja kukaa kwenye baraza la duka, mtoto amelala begani kama kitambaa kilicholowa. Bibi Badriya alikuwa ameshatoka darsani. Mama Gaudens, anayekaanga mihogo ng'ambo ya njia, alivuka akiwa na mwiko wake mkononi kama hakimu na nyundo.

"Hebu nione." Alimfungua Twalib mdomo. "Si nilijua! Meno hayo. Ona fizi ilivyovimba. Gaudens wangu aliharisha wiki nzima, yakatoka manne kwa mpigo."

"Meno, mwanangu," Bibi naye aliunga mkono. "Hata Masoud alikuwa hivyo hivyo."

"Mie nilishaogopa," Farida alisema, akashusha pumzi.

"Usiogope. Ila maji usimpe," Mama Gaudens aliongeza. "Ukimpa anatoa. Mkaushe kidogo, atatulia."

Twalib aliunyoosha mkono kuelekea kikombe cha mama yake. Farida akakisogeza mbali. Mtoto akalia.

Khulud, aliyekuwa nyuma ya kaunta, aliona jambo ambalo watu wazima hawakuliona. Twalib alikuwa analia, lakini machozi hayakuwepo. Midomo yake ilikuwa mikavu kama karatasi, na macho yameingia ndani. Darasani Mwalimu Fransis aliwahi kuwaambia: mtoto anayelia bila machozi anaishiwa maji mwilini, na huyo hasubiri kesho.

Khulud akaitazama mikono yake yenye baraka. Aliingia ndani, akalifungua bati. Akaumwaga ubani, akaikunjua ile karatasi. Ilinukia kama msikiti siku ya Ijumaa, na maandishi ya muuguzi yalikuwa makubwa, ya mtu aliyetaka yasomwe.

*Dawa hii ni ya Bibi Badriya peke yake. Asipewe mtu mwingine hata kama anaumwa tumbo. MTOTO ASIPEWE KABISA. Inaweza kumkausha maji mwilini, na akafa. Ikae katika chupa yake, mahali ambapo watoto hawafiki. Bibi akiharisha sana, aache dawa, aje hospitali haraka.*

Khulud aliisoma mara mbili. Mara ya pili herufi zilikuwa zinaogelea.

Sasa msomaji, usimcheke. Ungekuwa wewe, kwanza ungetafuta mlango wa nyuma. Khulud naye aliutafuta. Alirudi barazani, akasema kwa sauti nyembamba, "Da' Farida, mpeleke hospitali tu."

"Kwa meno?" Farida alicheka kichovu. "Tabibu si atanifukuza! Mwezi uliopita nilimpeleka kwa mafua, nikapanga foleni mpaka mchana."

"Akiamka hivi kesho, utampeleka," Mama Gaudens alikata shauri.

Kesho! Khulud alimtazama Twalib. Mtoto alikuwa ameacha kulia sasa, na kimya chake kilitisha kuliko kelele. Alitamani Baba angekuwepo. Alitamani hata radi ipige, mtu mwingine aseme. Hakuna aliyesema.

"Si meno," alisema.

"Nini?"

"Si meno, da' Farida. Mie... mie nilimpa dawa. Asubuhi, ulipoenda kusuka. Nilimpa dawa ya Bibi."

Farida alimkumbatia Twalib kwa mikono miwili. Khulud alimnyooshea Bibi ile karatasi, kisha akafunika uso.

Bibi Badriya, kwa kawaida, husimama kwa hatua tatu na Bismillahi mbili. Siku hiyo alisimama kwa hatua moja.

"Isack!" alipaza sauti kwa kijana mwenye bajaji aliyeegesha pembeni. "Washa! Farida, ingia. Mpe maji mwanangu, kijiko kijiko, usiache. Mama Gaudens, tulindie duka. Khulud!"

"Abee, Bibi."

"Kalete chupa ya dawa. Na wewe unakwenda. Wewe ndiye unayejua ulichompa."

* * *

Zahanati haikuwa mbali, lakini kwa Khulud njia ilikuwa ndefu kama ya kwenda Tanga. Bibi aliketi katikati yao, na Farida hakumtazama Khulud hata mara moja. Farida alikuwa akihesabu vijiko vya maji na kumwomba Mungu, basi.

Tabibu Sebastian, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpokea Twalib kabla hawajakaa. Aliibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili. Ilirudi pole pole, kama haijui pa kwenda.

"Ameanza lini? Amekula nini?"

Farida alimwonyesha Khulud kwa kidole. Khulud alisogea mbele.

"Kapsuli moja, kwenye finjani ya maji. Nilimpa nusu. Ilikuwa saa nne asubuhi, kama na dakika kumi." Akaiweka chupa mezani. "Ni hii. Ya Bibi."

Tabibu aliisoma chupa, akainua nyusi, lakini hakugombeza. Alikwishaanza kazi. Muuguzi alileta maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, na sindano, Twalib akanyweshwa, akatundikiwa dripu. Tabibu akapiga simu kwa daktari wa hospitali kubwa, akamsomea jina la dawa, akawa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Nusu. Saa nne. Bahati tumejua."

Kisha wakaanza kusubiri. Masoud alifika bado ana vumbi la Mbagala kwenye ndevu. Aliambiwa habari yote mlangoni. Alimtazama binti yake, akakaa karibu naye kwenye benchi. Khulud angependelea kofi.

"Baba," alinong'ona, "akifa?"

"Mwombe Mungu. Na ukae hapa hapa, usikimbie."

Saa moja ikapita. Saa ya pili ikaanza. Jua lilikuwa limeshuka kwenye nondo za dirisha, Tabibu Sebastian ameinama kumpima mtoto mapigo, ndipo ilipotokea. Mkondo mwembamba wa mkojo uliruka juu, ukampata Tabibu kwenye koti, kutoka mfukoni hadi kwenye kola.

Tabibu alijitazama. Halafu akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Mama Twalib, piga vigelegele! Anayekojoa ana maji. Mwanao anarudi."

Farida hakupiga vigelegele. Alilia. Twalib naye aliposikia mama yake analia akaangua kilio, na safari hii shavuni mwake lilishuka chozi, moja, nene, linalong'aa. Khulud hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Tabibu alivua koti lake lililolowa, akaketi mbele ya Khulud.

"Unajua dawa hii inafanyaje kazi? Ni kipande kidogo cha protini, kinaitwa peptidi. Kinauambia utumbo: mwaga maji. Utumbo wa Bibi yako ni mvivu, ukiambiwa unamwaga kiasi, mambo yanakwenda. Utumbo wa mtoto mdogo ukiambiwa hivyo, unamwaga yote. Mwili wenyewe una maji kiasi gani? Ndoo ndogo hiyo." Alitikisa kichwa. "Na jambo jingine, mama zangu. Jino linaweza kumfanya mtoto alie na ateme udenda. Haliwezi kumfanya aharishe mara saba. Na anayeharisha hanyimwi maji hata siku moja. Mngesubiri kesho, nisingekuwa nacheka sasa."

"Ni kosa langu," Khulud alisema.

"Ndiyo, ni kosa lako," Tabibu alikubali. "Na aliyesema ni nani?"

"Mie."

"Basi na hilo ni lako pia."

* * *

Twalib alilazwa usiku mmoja, akarudi nyumbani Jumapili anadai ndizi. Jioni Masoud alimshika Khulud mkono wakaenda kuomba radhi. Farida aliwasikiliza akiwa mlangoni, akasema, "Nimesikia," akafunga mlango taratibu. Wiki ile sabuni yake aliinunua duka la mbele, lile lisilotoa nyongeza. Kila alipopita na Twalib mgongoni, Khulud alijifanya anapanga viberiti. Viberiti havijawahi kupangwa vizuri hivyo tangu duka lifunguliwe.

Jina la Daktari lilikufa bila mazishi.

Alhamisi Bibi Badriya alimwita mkekani. Mbele yake palikuwa na lile bati la biskuti, na ukutani, juu karibu na dari, kisanduku kidogo chenye kufuli ambacho Masoud alikuwa amekigongomea.

"Kaa. Unakumbuka mwaka jana Mama Gaudens aliposema kichwa kinamgonga? Nilimpa nini?"

"Vidonge vyako vya presha, Bibi. Viwili."

"Nani alivipeleka?"

"Mie."

"Ehe. Na dawa ya kikohozi ya baba yako, nani aliigawa kwa watu watatu? Mie. Na maneno ya muuguzi nani aliyafungia ubani? Mie huyu huyu, mtu mzima ninayetoka darsani kila Jumamosi." Bibi alitikisa kichwa. "Ulikosea, Khulud, na kosa lako karibu limzike mtoto wa watu. Lakini hukulitoa hewani. Ulijifunza hapa hapa nyumbani. Kwa hiyo tunajifunza upya, wewe na mie."

Aliinua chupa, akaitikisa kidogo. "Korosho haina jina la mtu. Pipi haina jina. Vyote hivyo toa nyongeza mpaka mkono uchoke, babu yako atafurahi alipo. Lakini dawa ina jina la mwenyewe. Daktari alinitazama mie, akapima tumbo langu, akahesabu miaka yangu, ndipo akaandika. Ukimpa mwingine, umempa dawa yangu bila mwili wangu. Na mtu akikuomba dawa, huruma yako ioneshe kwa miguu: msindikize hospitali. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Na ukikosea tena, maana utakosea, wewe si malaika, usingoje hata dakika moja kusema. Ukweli wako ulichelewa kwa saa nne nzima. Tumshukuru Mungu haukuchelewa siku."

Khulud alipanda kiti, akaibandika karatasi ya muuguzi ndani ya mlango wa kisanduku. Chupa ikaingia, kufuli ikafungwa, ufunguo ukaenda shingoni mwa Bibi. Udi, uzi na vifungo vilibaki peke yao kwenye bati, vikiwa na nafasi ya kutosha.

Jumamosi iliyofuata, saa nne, kivuli kiliangukia kaunta. Khulud aliinua macho kutoka kwenye viberiti vyake.

"Nipe sabuni ya mche," Farida alisema.

"Shikamoo, da' Farida." Sauti ilikuwa ndogo. Alimpa sabuni. Akasita, kisha akasogeza kopo la pipi, lakini mkono haukuthubutu kulifungua.

"Ndiyo nini? Nyongeza yangu iko wapi?"

Khulud akatoa pipi mbili, zikamponyoka, zikaviringika hadi chini. Twalib, akiwa mgongoni, aliziona zikikimbia, akacheka kwa mdomo wazi. Katikati ya ufizi wake wa chini kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Jino!" Mama Gaudens alipiga kelele kutoka ng'ambo, mwiko juu. "Nilisema mie! Nilisema meno!"

"Ulisema, Mama Gaudens," Farida alijibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile midomo yake ilicheza. "Lakini maji atakunywa."

Halafu akafungua khanga, akamshusha mtoto, akamnyoosha juu ya kaunta kuelekea kwa Khulud.

"Kuna kichwa kinanisubiri pale kona. Nishikie. Akilia, mbebe. Akizidi kulia, niite."

"Nitakuita," Khulud alisema, mikono yote miwili mbele. "Hata asipolia."